Kabla Mate Hayajakauka

Makumira, Jumapili jioni

Mwanangu Aneth,

Barua za zamani zilianza kwa kuulizana hali, lakini wewe nimekuona sasa hivi ukipita na sahani ya ndizi za kuchoma, kwa hiyo hali yako naijua. Umeshiba, umenuna kidogo, na begi lako halifungi. Baba yako amelikalia hapo sebuleni ili zipu ipite. Mimi niko huku nyuma kwenye kibaraza cha jiko, maharage yanachemka, na mlima leo umejifunua wote bila wingu. Nimeona niandike kabla giza halijaingia, maana kukuambia kwa mdomo nimejaribu wiki nzima, na kila nikianza naishia kukuuliza kama umeweka sweta. Tabora hakuna baridi, najua. Umeshaniambia.

Basi sitaandika habari za sweta, wala chandarua, wala kuchemsha maji. Naandika kwa sababu ya maneno niliyokuambia siku ile uliporudi na habari kwamba umepata nafasi kwenye chuo cha ufugaji nyuki. Nilisema, "Huko mimi sijakutuma." Ulinitazama, ukasema, "Sawa, Mama," ukachukua panga ukaenda kumkatia ng'ombe majani. Tangu siku hiyo unaniamkia vizuri, unaniletea chai bila kuombwa, na hatuongei. Kesho alfajiri unapanda basi. Sitaki upande ukiamini kwamba umeondoka kwangu bila baraka.

Angesema mtu mwingine, yangekuwa maneno ya hasira tu na yangepita. Lakini mimi ndiye yule mwalimu wa saikolojia ambaye wanafunzi wake wanamwita Mama Kutumwa, wakidhani sisikii. Kazi yangu yote ya utafiti ni hiyo: watoto wanatumwa na nani, wapi, kuleta nini, na wakirudi wamejifunza nini. Kwenye maombi ya fedha naandika utofauti wa jamii, uendelevu wa mazingira na makuzi ya mtoto, kwa sababu bila maneno hayo hakuna anayesoma ukurasa wa pili. Wewe unajua maana yake hasa. Ni mtoto wa huko juu mlimani anayetumwa kuangalia kama maji yamefika mferejini, na mtoto wa Sombetini huko mjini anayetumwa dukani na jirani ambaye si wa kabila lake wala wa dini yake. Ukiniambia mimi kwamba mtoto hakutumwa, umesema jambo zito. Nililisema kwako, na ulijua uzito wake.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, maana kazi yenyewe ilianza na wewe na sijawahi kukushukuru.

Ulikuwa na miaka mitano. Mimi nasoma shahada ya pili, baba yako yuko njiani na mizigo yake ya spea, na wewe unakaa kwa Bibi yako Nkoaranga, kwenye kile kishamba cha kahawa na migomba kilichoinama kama paa la nyumba. Likizo moja nilikuja kule na boksi la kadi zenye picha. Ng'ombe, nyumba, mtoto analia, mti uliokatwa. Maswali yalitoka nchi za mbali na mimi mwenyewe niliyatafsiri kwa Kiswahili safi cha vitabuni. Nikawa naita watoto wa majirani sebuleni mmoja mmoja, nafunga mlango wasiibiane majibu, naonyesha picha na kuuliza, "Huyu ni nani? Anafanya nini?" Kila aliyeingia aliangalia vidole vya miguu yake mpaka nikamruhusu atoke. Na mimi najaza kwenye karatasi: hajui, hajui, hajui.

Cha kuchekesha ni kwamba nilikulia kwenye sebule ileile. Nilifundishwa humo humo kwamba mtoto hamkazii mkubwa macho na kumjibu kama wenzake, tena mgeni, tena mlango umefungwa. Mzungu angefanya kosa lile ningemsahihisha kwa upole. Nililifanya mimi, Mmeru, kwa mama yangu mzazi, na sikuliona.

Jioni nilimsikia Ndeshi, mtoto wa jirani, akimsimulia Bibi yako jikoni. "Bibi, yule mama wa chuo haoni vizuri. Ameshika picha ya ng'ombe mwenyewe, halafu ananiuliza mimi huyu ni nani." Bibi yako alicheka mpaka akashika ukuta. Aliponiona nimesimama mlangoni hakuacha. "Mwalimu," akaniambia, "hospitali si ipo hapo chini? Kesho wahi foleni wakupime macho."

Asubuhi yake chumvi ikawa imeisha. Bibi alitoka mlangoni, akatema mate kwenye udongo mkavu mbele ya kizingiti, akakuonyesha kwa kidole. "Nenda kwa Mama Ndeshi. Umwamkie kwanza. Halafu mwambie Bibi anaomba chumvi. Urudi haya hayajakauka." Ukatimua mbio. Nimetumwa hivyo mimi, ametumwa hivyo baba yako huko Machame, na nadhani nusu ya nchi hii imekimbia kwa kuogopa mate kukauka. Siku ile, kwa sababu nilikuwa na hasira na kadi zangu na sina la kufanya, nikakufuata kwa mbali.

Ulifika kwenye mfereji ukasimama. Majani yalikuwa yameziba maji, ukayatoa kwa mguu, ukasubiri uone kama yanapita, ndipo ukaruka. Ukamkuta mzee anapandisha na mzigo wa nyasi, ukajibana pembeni kumpisha, ukamwamkia ukiwa umeinamisha kichwa akuguse utosini. Ukazunguka miche ya kahawa ya jirani ambayo hata mimi sikuwa nimeiona. Kwa Mama Ndeshi ukasimama nje mpaka ukaitwa. Ukaulizwa habari za Bibi, za ng'ombe, za mama yako aliyetoka chuoni, ukajibu zote. Chumvi ukaitaja mwisho, kwa sauti ndogo. Mtoto ambaye kwangu angepata sifuri alikuwa ametunza maji, ameheshimu mali ya mtu na kuwasemea wa nyumbani kwake, na hata chumvi hajapewa bado.

Nilirudi nikazifunga zile kadi. Bibi yako aliziomba akawa anawekea vikombe vya chai, na yule ng'ombe aliishia na duara la kahawia usoni. Kuanzia hapo nikawa natembea nyuma ya watoto waliotumwa, wazazi wao wakiridhia, na ndivyo nilivyopata shahada, na baadaye kazi, na nyumba hii ambayo baba yako amekaa ndani yake juu ya begi. Jina kwenye cheti ni langu. Miguu ilikuwa yako, mwanangu, na nakushukuru.

Ungedhani mtu aliyeona hayo angeyashika. Tulipohamia Sombetini kupanga, wakati tunajenga huku, niliacha kukutuma. Niliogopa. Bodaboda walipita pale bila kuangalia, nyumba zilikuwa zinaota kila wiki, watu wametoka pembe zote na simjui hata mmoja. Mwaka mzima hukutumwa hata kiberiti. Ulikaa ndani ukiangalia katuni, na mimi niko mezani naandika jinsi kutumwa kunavyomkuza mtoto. Baba yako akaniuliza siku moja, taratibu kama kawaida yake, "Mama Aneth, huyo wa kwenye karatasi anatumwa. Huyu wetu je?" Nilimjibu kwamba Sombetini si Nkoaranga, akaendelea kunywa chai yake.

Halafu ile siku nilirudi kutoka kazini nikakuta hupo. Dada wa kazi akasema Mama Shamsa amekutuma. Mama Shamsa unamkumbuka, yule Mrangi wa Kondoa aliyekuwa anakaanga vitumbua getini kwake. Nilitoka na viatu vya kazini, nikamkuta amekaa anageuza vitumbua vyake.

"Nani amekuruhusu umtume mwanangu?"

"Karibu, Mama Aneth. Nimemtuma iliki dukani kwa Mangi."

"Huoni barabara ile ina bodaboda?"

"Naiona. Ameenda na wenzake. Na wale vijana wa kijiweni nimeshawaonyesha, huyu ni wa nyumba ile. Wewe umeshawaonyesha?"

Sikuwa nimewaonyesha. Nilikuwa najiandaa kumjibu jibu kali hivyohivyo, ndipo mkatokea kwenye kona, kundi zima la watoto, wewe katikati umeshika iliki mkono huu na chenji mkono huu. Ukamkabidhi, halafu ukanigeukia mimi na salamu zako zote. "Shikamoo, Mama. Mangi anakusalimia, anauliza Baba amerudi? Yeyo wa maziwa anasema kesho hakuna maziwa, ng'ombe wake anaumwa. Na yule kaka wa pikipiki nyekundu mke wake amejifungua. Mtoto wa kike." Nimekaa mtaa ule mwaka mzima na digrii zangu za watu na jamii. Siku ile ndiyo nilijua naishi na nani.

Mama Shamsa hakuwa malaika. Alikuwa na mdomo, na siku nyingine alikutuma mpaka nikamwambia inatosha. Lakini baada ya hapo ulikuwa mtoto wa mtaa. Ulijua kwa Yeyo, yule mama wa Kimaasai, unaingia na salamu gani, kwa Mama Shamsa mwezi wa Ramadhani huendi unatafuna, kwa Mangi ukichelewesha chenji anakutania kwa Kichaga. Hofu yangu haikuwa ya uongo. Barabara ilikuwa mbaya kweli. Kosa langu ni kudhani mlango niliofunga ndio ulinzi, kumbe nilikuwa nimehakikisha kwamba siku ukipotea hakuna atakayejua wewe ni wa nani.

Hilo ndilo ningekusisitizia kwa ajili ya Tabora, kuliko kukuambia ujihadhari na watu. Kubali kutumwa. Jirani akikuomba umpitishie kitu sokoni, mpitishie. Utarudi ukiwa na salamu za watu.

Sasa nyuki. Hapa naandika polepole, maana ndipo kwenye kidonda.

Bibi yako alipofariki ulikuwa umemaliza kidato cha nne, ukaomba ukakae kule kuangalia shamba mpaka matokeo yatoke. Nilidhani unakwenda kulia. Nadhani ulilia kweli, lakini pia ulitengeneza ule mzinga wa babu yako uliokuwa umeoza upande, ukautundika juu ya mfereji. Kahawa ilipotoa maua ukapiga simu. Sikusikiliza vizuri, nilikuwa nasahihisha mitihani. Ulisema nyuki wanakufa, unawakuta chini ya mibuni asubuhi, na unadhani ni dawa watu wanayopulizia wakati maua yamefunguka. Nikasema, "Pole, mama," nikaendelea kusahihisha.

Yaliyofuata niliyasikia kwa Mama Ndeshi kwenye shukrani ya marehemu, nikiwa nimeshika sahani ya loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando. Alinieleza jinsi ulivyopita nyumba kwa nyumba ile njia yote. Hukwenda kumlaumu mtu. Ulimwamkia kila mmoja, ukauliza habari za ng'ombe, ukakaa ukanywa chai ya watu, na mwisho kabisa ukaomba kama wanaweza kusubiri maua yaanguke, na ambaye hawezi apulizie jioni nyuki wakiwa wamerudi. Mzee mmoja alikufukuza, ukarudi kwake kesho yake na ndizi. "Yaani alivyoomba," Mama Ndeshi akaniambia, "nilimwona yule mtoto wa chumvi."

Hakuna aliyekutuma. Bibi yako alikuwa kaburini, mimi nilikuwa kwenye mitihani, na baba yako alikuwa Tunduma. Na unajua nilikuwa naandika nini msimu ule? Sura ya kitabu kuhusu namna mtoto anavyojifunza kutunza ardhi na maji katika jamii zilizochanganyika. Nilikuwa natafuta mfano mzuri wa kufungulia. Niliutafuta Ngaramtoni, nikautafuta Usa River, nikawapigia simu wenzangu wa Moshi. Mfano ulikuwa unanipigia simu mimi, na ninaujibu pole.

Kwa hiyo ulipoleta habari ya chuo, mtu wa kwanza kufurahi ilipaswa kuwa mimi. Baba yako aliuliza tu kama siku hizi nyuki nao wanasomewa diploma, na kesho yake akarudi kutoka mjini na buti za mpira za saizi yako. Mimi ndiye niliyesema yale. Nikuambie ukweli wake: niliona aibu kidogo. Wenzangu ofisini watoto wao ni udaktari na sheria, na matokeo yako ya kidato cha sita yalikuwa mazuri, nilishajiona kwenye mahafali nimevaa kitenge kipya. Hilo ni dogo na nimeshajicheka. Kubwa lilikuwa hofu ileile ya Sombetini, imekua tu. Nilitaka kufunga mlango, na kwa kuwa wewe si wa kufungiwa tena, nikaufunga kwa maneno.

Halafu jambo likanijia juzi nikiwa napitia dodoso letu. Swali la kwanza ni "Mtoto ametumwa na nani?" Chini kuna nafasi za kuweka alama: mama, baba, bibi, jirani, mwalimu. Miaka yote hii nimewauliza watoto hivyo, na hakuna nafasi ya mtoto aliyeona mwenyewe kwamba kuna jambo linatakiwa kufanywa, akanyanyuka. Huko ndiko kutumwa kote kulikuwa kunaelekea, mwanangu. Bibi yako hakukutuma chumvi kwa ajili ya chumvi tu. Ulifika pale tulipokuwa tunakupeleka, na mimi nikakuuliza nani kakutuma.

Nisamehe. Nimelisema mara moja na sitalirudia, maana barua hii nataka iwe ya shukrani kuliko majuto, na kwa kweli nikipima moyoni shukrani ndiyo iliyojaa. Asante kwa kunifuta ujinga ukiwa na miaka mitano. Asante kwa mtaa ulionipa. Asante kwa kurudi kwa yule mzee na ndizi. Nimefundisha watoto wa watu wengi makuzi ya mtoto, na walichopata cha maana kilipita kwako kwanza.

Bado kitu kimoja. Ile asubuhi ya chumvi, ukirudi ulianguka pale kwenye mteremko. Kovu la goti unalo mpaka leo. Ulianguka umeinua kifuko cha chumvi juu, damu inatoka, ukanyanyuka ukakimbia hivyohivyo unalia, na ulichokuwa unalilia si goti. Ulikuwa unasema, "Yamekauka, Bibi, yamekauka." Mimi nilikuwa nimekatisha njia ya juu ili usinione, nikatangulia kufika, nimesimama nyuma ya zizi. Wewe hukuona nilichokiona.

Yalikuwa yamekauka kweli. Jua lilikuwa kali na ulichelewa kwenye mfereji. Bibi yako alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage. Aliposikia miguu yako na kilio chako kwenye kona, aliinama upesi, akatema tena palepale, akajifuta mdomo na kanga, akarudi kwenye maharage yake. Ukafika, ukaangalia chini, ukanyamaza. Alichokuambia nadhani unakikumbuka. "Si unaona? Bado mabichi. Njoo nikuoshe goti."

Sijawahi kulisimulia hilo kwa mtu, hata kwenye semina. Nilikuwa nalitunza bila kujua nalitunzia nini.

Baba yako anaita, zipu imepita. Maharage yameiva. Nitakuja kuiweka barua hii ndani ya buti lako moja, maana nguo utazitoa kwa pupa na utaipoteza, lakini buti za baba yako utazivaa kwa heshima.

Kesho kabla hatujatoka nitasimama mlangoni, na usinicheke mbele ya dereva wa kutupeleka stendi. Nakutuma, Aneth. Nenda Tabora ukawaangalie hao nyuki, uwaamkie watu wa huko kwanza, na ukirudi uniambie umeona nini. Halafu nitatema mate kwenye udongo, mbele ya kizingiti, kama alivyofanya Bibi yako. Lakini wewe usikimbie. Miteremko ipo huko pia. Kaa kwenye mfereji kadiri mfereji unavyotaka. Siku yoyote utakayorudi, hata uchelewe vipi, utayakuta mabichi.

Mama yako